Karatasi ya Bibi na Sheria Iliyotoka India

Nimepotea kidogo, nilikuwa nyumbani. Na nikisema nyumbani namaanisha Kamachumu, wilaya ya Muleba, kule ambako ukitoka Bukoba mjini ukifika Muhutwe unaiacha barabara kuu, unaanza kupanda, na hewa inabadilika mpaka unajuta kwa nini hukubeba sweta. Nilikwenda kumsalimia Bibi na kula senene. Senene nilikula. Lakini nimerudi Dar na kitu kingine ambacho kimeninyima usingizi, na leo naomba mnivumilie maana habari ni ndefu.

Bibi ana kopo la zamani la biskuti ambalo ndani yake mna maisha yake yote: cheti cha ubatizo, kadi ya chama, stakabadhi za kahawa, picha ya Babu amevaa koti. Nilikuwa namtafutia kadi yake ya kliniki nikakuta karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, Februari 2012. Inasema kwamba amepokea shilingi 120,000 na kwamba mwezi wa saba atatoa magunia matano ya kahawa ya maganda. Chini kuna jina la mnunuzi, majina ya mashahidi wawili, na alama ya dole gumba la Bibi.

"Bibi, hii ni nini?"

"Waitu, hiyo ni butura. Ada ya shule ya baba yako mdogo yule wa mwisho."

Kwa ambao hamjatoka kwetu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa bado ni maua. Januari na Februari hakuna hela vijijini, kahawa inaiva kuanzia Mei huko, lakini shule haisubiri Mei. Basi anakuja mtu mwenye fedha, anakupa kidogo leo, wakati wa mavuno anachukua kingi. Baba mdogo (huyo huyo aliyesomeshwa kwa magunia yale) alipiga hesabu mbele yangu akasema thamani ya kahawa ile ilipofika Julai ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha aliyopewa Bibi. Akawaka. Akasema ile karatasi haikuwa na nguvu yoyote, tungeweza kumpeleka yule bwana mahakamani. Bibi akamwangalia tu, akaendelea kumenya ndizi.

Sasa mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Je, karatasi ile ilikuwa mkataba au haikuwa? Nilipoanza kuuliza nikajikuta nimefika Bombay.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma sheria pale Mlimani aliniambia nitafute Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ile inayoitwa Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu. Kifungu cha 10 kinasema makubaliano yanakuwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Sawa. Kisha akaniambia, sasa fungua sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, kifungu cha 10. Nikafungua. Ni kile kile! Kifungu cha 14 cha kwao kinaeleza hiari, na cha kwetu vile vile. Cha 16 cha kwao ni shinikizo la mwenye nguvu juu ya mnyonge, na cha kwetu ni hicho hicho. Namba kwa namba, jamani. Kama mwanafunzi aliyenakili mtihani wa jirani mpaka na namba za maswali.

Haikuwa bahati mbaya. Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, mwaka 1920 walitoa amri mbili tatu za haraka. Moja ilisema mahakama zifuate sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Nyingine ilisema sheria kadhaa za India zitumike hapa pia, ikiwemo ile ya mikataba ya 1872 na ile ya uhamishaji wa mali ya 1882. Kenya walishaanza mchezo huo tangu mwaka 1897. Zanzibar ndiyo ilitangulia: raia wa Kiingereza aliyeshindwa kesi mbele ya mahakama ya konseli pale Unguja alikata rufaa Mahakama Kuu ya Bombay, ng'ambo ya bahari.

Kwa nini India na siyo London moja kwa moja? Kwa sababu sheria ya Uingereza ilikuwa imetawanyika katika maelfu ya hukumu, na bwana shauri wa wilaya kule Bukoba hakuwa wakili. India walishaifupisha, wakaiweka katika vifungu na mifano, kitabu kimoja unabeba kwenye sanduku. Halafu wafanyabiashara wenyewe walikuwa wametoka huko. Gujarat, Kutch, Bombay. Walikuja na lugha yao ya biashara, nasi tukaimeza bila kutafuna. Duka ni neno la huko. Pesa ni la huko. Bima, hundi, laki, cheti, yote ya huko. Rupia ndiyo ilikuwa fedha ya nchi mpaka shilingi ilipokuja miaka ya mwanzo ya 1920. Ukisema leo "nina laki dukani" umeongea lugha ya Gujarat katikati ya Bukoba na hujui.

Bukoba mjini ukishuka kuelekea ziwani utaliona jengo la Duka Kubwa la enzi za Wajerumani. Mimi nimepita hapo mara elfu nikienda kuogelea bila kufikiria lolote. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890 kupitia Emin Pasha, na kuanzia mwaka 1898 walidai kodi ya nyumba katika koloni lao, rupia tatu kwa nyumba za vijijini. Hapo ndipo hesabu inapoanza, wadau. Mhaya alikuwa na kahawa karne nyingi kabla ya mzungu, lakini ilikuwa ya kutafuna, ya kumpa mgeni, ya kuchanjia udugu wa damu, watu wawili wanagawana buni mbili za tunda moja. Haikuwa ya kulipia kodi. Kodi ndiyo iliyoitoa kahawa mkekani ikaipeleka kwenye mizani. Anayedaiwa rupia lazima amtafute mwenye rupia, na mwenye rupia alikuwa mwenye duka.

Waingereza nao wakaja na kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata wakatunga sheria nyingine ambayo sikuwahi kuisikia hadi mwezi uliopita, ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa kifupi, asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha serikali, asitegemee mahakama imsaidie kudai. Walisema ni ulinzi, ili mwenye duka asimfunge mkulima kwa madeni. Na kweli madeni yalikuwepo. Lakini fikiria upande wa pili. Mhaya mwenye akili ya biashara miaka ya 1920, bei ya kahawa imepanda, anataka kufungua duka au kununua mashine ya kukoboa, nani atamkopesha kama deni lake halidaiki? Sheria ya 1872 ilikuwa mezani inasema kila mwenye akili timamu na umri wa kutosha anaweza kufunga mkataba. Sheria ya 1923 ikakaa pembeni yake ikisema, ndiyo, ila wewe subiri kwanza. Mimi naiona hii kama moja ya mbinu za kimya kabisa za kumfanya mtu awe mtoto. Na mkopo haukufa, ulihama tu. Ukaenda mahali pasipo na kibali wala bwana shauri, kwa jirani mwenye fedha. Sina ushahidi wa moja kwa moja kwamba butura ilizaliwa hapo, lakini siwezi kuzuia kichwa changu kuunganisha.

Mwaka huo huo wa 1923 ulikuwa na kisa kingine ambacho, nikikumbuka ya Kariakoo, kinanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Serikali ya Gavana Byatt ilileta kodi ya faida na masharti mapya ya leseni za biashara. Ili kodi ikadiriwe, vitabu vya hesabu vilitakiwa viandikwe kwa lugha ambayo maofisa wanaisoma, na siyo Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasema haiwezekani. Hesabu zao, za baba zao na babu zao, zote ni za Kigujarati, mwenye duka dogo porini atampata wapi karani wa Kiingereza? Wakafunga maduka kwa majuma kadhaa. Huko kwao mgomo wa namna hiyo unaitwa hartal, silaha ile ile Gandhi aliyokuwa ameitumia India miaka michache kabla. Miji ya Tanganyika ikakauka.

Sasa ruka miaka mia moja kamili. Mei 2023, Kariakoo, Dar es Salaam. Maduka yamefungwa, wafanyabiashara wako barabarani, malalamiko ni kodi, ukaguzi wa bidhaa, usajili wa stoo, kamatakamata. Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hii mgomo ukasambaa mikoani. Tangu mashine za risiti za EFD zilipoanza mwaka 2010 ugomvi ni ule ule wa kitabu cha hesabu: nani anakiandika, kwa lugha gani, na nani ana haki ya kukifungua. Mwaka 1923 serikali haikuweza kusoma Kigujarati. Leo inataka mashine iongee nayo moja kwa moja.

Na ili msidhani ni sisi tu, India wenyewe mnamo tarehe 1 Julai 2017 waliunganisha kodi zao nyingi za bidhaa na huduma, za serikali kuu na za majimbo, wakaweka moja inayoitwa GST, inayofanana na VAT yetu ya mwaka 1998. Unajua nani waligoma? Wafanyabiashara wa vitambaa wa Surat. Surat iko Gujarat! Walifunga masoko mwezi huo wa saba, sehemu ya malalamiko yao ikiwa ni makaratasi ya kujaza kila mwezi. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye veranda ya Bibi nikacheka peke yangu mpaka akauliza kama senene zimenipanda kichwani.

Turudi kwenye karatasi.

Swali la kwanza, je, Bibi alikuwa na uwezo wa kufunga mkataba? Leo tunaliona swali la kijinga, lakini Muleba siyo la kijinga hata kidogo. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizo kwenye Katiba, mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ndiyo ile kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, inayofundishwa mpaka nje ya nchi. Imetoka kwetu Muleba na sikuwahi kuisikia nikiwa shule. Bibi alikuwa mjane tayari mwaka 2012. Alitia dole lake juu ya kahawa yake na hakuna mwanamume aliyeulizwa. Bila hukumu ile, sijui.

Swali la pili ni hiari, na hapa ndipo kifungu cha 16. Kinasema kama mtu mmoja ana nafasi ya kutawala utashi wa mwenzake, na makubaliano yenyewe kwa sura yake ni ya dhuluma, basi mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na shinikizo unamwangukia yule mwenye nguvu. Siyo mnyonge athibitishe kwamba ameonewa, hapana, mwenye nguvu athibitishe kwamba hakuonea. Na sheria ya India imeweka mifano chini ya vifungu vyake. Mmoja wa mifano ya kifungu hiki ni mwanakijiji anayedaiwa na mkopeshaji wa kijijini kwake, anayechukua mkopo mpya kwa masharti yanayoonekana ya kikatili. Nilipousoma nikaweka simu chini. Aliyeuandika alikuwa anafikiria kijiji cha India cha karne ya 19, wakulima wa pamba na ngano. Ila ukibadilisha majina ni Kamachumu, mwezi wa pili.

Swali la tatu ni lengo halali. Tangu soko la kahawa lilipofunguliwa kwa watu binafsi msimu wa 1994/95, na hasa baada ya Sheria ya Kahawa ya mwaka 2001, mnunuzi anatakiwa awe na leseni. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku butura mara nyingi kiasi kwamba mtu hashtuki tena. Mwaka 2018 serikali ikaamua kahawa yote ipitie vyama vya ushirika vya msingi, wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Kwa hiyo hata ukiacha habari ya shinikizo, karatasi ile mbele ya hakimu makini ingepata shida.

Baba mdogo alikuwa sahihi basi? Kisheria nadhani alikuwa sahihi, kwa namna ya kutisha. Kinga ilikuwepo tangu 1961, na kabla yake tangu 1920, imelala kitabuni kwa Kiingereza. Mahakama ya mwanzo ipo, siyo mbali. Katika miaka yote hiyo sijakutana na mtu mmoja kijijini kwetu aliyewahi kukitumia kifungu cha 16 dhidi ya mtu wa butura, wala aliyewahi kukisikia.

Lakini pia niwaambie kitu ambacho baba mdogo hataki kukisikia. Kwa nini Bibi hakwenda ushirika kukopa? Bukoba ilikuwa na ushirika wenye nguvu, BNCU, tangu 1950. Wazee walipigania hilo. Mwaka 1937 watu walikusanyika kwa hasira kupinga kanuni za kilimo cha kahawa walizoletewa kupitia machifu, mpaka polisi wakaitwa. Ushirika ulipokuja ukawa wao. Halafu Mei 1976 serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vyote vya ushirika nchini, ikaweka mamlaka ya kahawa, kisha sheria ya 1982 ikaruhusu vyama virudi, KCU ikazaliwa. Ukivunja kitu na kukirudisha hakirudi kilekile. Mkulima anakumbuka malipo yaliyochelewa, makato asiyoyaelewa, malipo ya pili ambayo hayakuja. Na juu ya hapo ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao ulikuwa hadi asilimia 5 na ukapunguzwa kuwa 3 kwa mazao ya biashara mwaka 2017. Na kabla ya hapo kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wanaume wakilala migombani siku za mgambo, na Babu akiwa mmojawao, mtu mzima na mvi zake. Ndiyo maana kahawa inavuka usiku kwenda Uganda. Serikali inaita magendo. Mkulima anaita bei.

Mtu wa butura yeye alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti. Alihesabu fedha mbele ya Bibi, siku ile ile ambayo mtoto alitakiwa kuripoti shuleni. Siandiki haya kumtetea, masharti yake yalikuwa mabaya na alijua ni mabaya. Ila nikiweka orodha ya waliomchukulia Bibi kahawa yake kwa bei ndogo katika maisha yake, yeye hayuko juu ya orodha hiyo.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wapenda sheria. Tarehe 1 Julai 2024 India iliondoa sheria yake ya ushahidi ya mwaka 1872, pamoja na kanuni ya adhabu ya 1860, ikaweka mpya zenye majina ya Kihindi, wakisema wanataka kuachana na sheria za mkoloni. Sheria yetu ya ushahidi ya 1967, ambayo ingeamua kama dole gumba la Bibi linakubalika mahakamani, imejengwa juu ya ile waliyoitupa. Hata sheria yao ya kodi ya mapato ya 1961 wametunga nyingine kuchukua nafasi yake mwaka 2025. Ya mikataba ya 1872 wameiacha inaendelea. Kwa hiyo kifungu cha 16 bado tunacho wote wawili, sisi na wao.

Nilimsomea Bibi kifungu hicho. Nilikitafsiri kwa Kiswahili na pale Kiswahili kilipokwama baba mdogo akasaidia kwa Kihaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama aliyekiandika alikuwa mkulima. Nikasema hapana, alikuwa Mwingereza, India. Akaniuliza sasa yule bwana akiitwa mahakamani atasema nini, wakati mashahidi wote wawili wameshakufa na yeye mwenyewe ndiye aliyeleta gari la kumpeleka Babu hospitali usiku ule.

Sikuwa na jibu. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi yake, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa na kuirudisha kwenye kopo.